Utando Uliopewa Jina la Chuchu

Mwaka 1697 kijana wa Kirusi mwenye urefu wa karibu mita mbili aliingia nyumbani kwa daktari Frederik Ruysch, mjini Amsterdam, kuangalia maiti. Alikuwa akisafiri kwa jina la bandia, lakini mji mzima ulikwishajua kuwa yule ni Tsar Peter wa Urusi. Vyumba vya Ruysch vilijaa chupa, na ndani ya kila chupa mlikuwa na binadamu au kipande chake: mkono wa kichanga uliovikwa lesi, kichwa cha mtoto kilichofumba macho kama aliyepitiwa na usingizi, moyo, kipande cha utumbo. Inasimuliwa kwamba Tsar aliufikia mwili wa mtoto mmoja, akaona mashavu yana wekundu na midomo ingali mibichi, akainama akaubusu.

Kilichomhadaa ni ngozi. Mpasuaji wa maiti enzi zile aliichuna ngozi na kuiweka kando, awahi misuli na viungo vya ndani kabla havijaoza. Ruysch hakuwa na haraka hiyo. Alijua kuingiza nta yenye rangi nyekundu katika mishipa ya damu hadi ikafika kwenye vishipa vyembamba kuliko unywele, kisha akauhifadhi mwili katika kileo kikali. Binti yake Rachel, ambaye baadaye sifa zake za kuchora maua zilivuka mipaka ya Uholanzi, alimsaidia kupamba. Mwaka 1717 Tsar alirudi Amsterdam na kununua mkusanyiko wote kwa gilda 30,000, ukapakiwa melini kwenda St. Petersburg. Kuna kisa kwamba mabaharia walikunywa kileo cha kwenye chupa njiani. Kisa kitamu, lakini cha uongo: chupa nyingi za mkusanyiko huo zipo hadi leo katika jumba la Kunstkamera.

Kati ya safari hizo mbili za Tsar, mwaka 1703, Ruysch alikuwa akieleza katika kitabu chake mambo ya midomo ya binadamu. Aliona utando mwembamba unaofunika mdomo, akataka kuutaja, akakosa jina. Ngozi ya juu ya mwili iliitwa epidermis, yaani iliyo juu ya ngozi. Lakini chini ya utando wa mdomo hakuiona ngozi ya kawaida. Aliona vijinundu vidogo vidogo vilivyosimama kama chuchu. Kwa Kigiriki chuchu ni *thele*, na juu ya kitu ni *epi*. Akaunganisha. Epithelia: kilicho juu ya chuchu.

Ni jina la ajabu, na lingefaa kubaki hapo hapo mdomoni. Badala yake limeenea hadi likafunika karibu kila uwazi na kila uso wa mwili: kinywa, umio, tumbo, mirija ya figo, mapafu, kibofu, mji wa mimba, tezi za jasho. Mahali pengi huko hakuna chuchu. Kilichopo ni seli zilizobanana bega kwa bega bila nafasi kati yake, zimekaa juu ya tandiko jembamba, hazina mshipa wa damu wa kwao wenyewe, zinalishwa na majirani walio chini. Tonge la ugali ulilomeza mchana, kwa hesabu kali ya mwili, bado liko nje. Limepita tu katika bomba lililoanza mdomoni. Litaingia mwilini litakapovuka epithelia ya utumbo, si kabla.

Kwa zaidi ya miaka 130 baada ya Ruysch karibu hakuna aliyeujali utando huu. Waliouona waliuona kama pumba.

Neno pumba silitumii ovyo. Tarehe 17 Septemba 1683 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft aliyejitengenezea hadubini za lenzi moja zisizo kubwa kuliko kidole, aliandika barua kwenda London. Barua ile ni maarufu kwa sababu ndani yake ameeleza vijidudu alivyovikwangua kwenye meno. Wachache hukumbuka kwamba barua hiyo hiyo inasema pia kuwa ngozi ya juu ya mwili imefanywa kwa vigamba. Mzee alikuwa amejikwangua mwenyewe, akaweka ukoko wake mbele ya lenzi na kuona magamba yamelaliana kama ya samaki. Alikuwa akitazama seli za epithelia, bapa, zilizokwisha kufa. Hakujua ni nini. Ulimwengu ukavishangilia vijidudu, magamba yakasahauliwa.

Kabla yake Marcello Malpighi wa Bologna alikwisha kuipekua ngozi. Mwaka 1665 alionyesha kwamba chini ya ganda la juu kuna tabaka laini, na kwamba rangi ya mtu mweusi imekaa katika tabaka hilo. Hapo Ulaya iliamka. Haikuamka kwa sababu ya epithelia bali kwa sababu ya rangi, maana meli za watumwa zilikuwa baharini na wenye meli walihitaji maelezo. Mwaka 1737 Bernhard Siegfried Albinus wa Leiden alichapisha kitabu kizima kuhusu makao na chanzo cha rangi ya Waafrika, chenye picha ya rangi ya ngozi ya mwanamke Mwafrika. Miaka michache baadaye chuo cha wanazuoni cha Bordeaux, bandari iliyonenepa kwa biashara ya watumwa, kilitangaza zawadi kwa atakayeeleza kwa nini watu weusi ni weusi. Wino mwingi ulimwagika juu ya tabaka lenye unene usiofikia hata milimita. Jibu lilipopatikana, muda mrefu baadaye, halikuwa na makuu: kila binadamu ana matabaka yale yale, na seli zinazotengeneza rangi zinakaribia kuwa sawa kwa idadi kwetu sote. Zinatofautiana katika wingi na aina ya rangi zinayozigawia jirani zake.

Paris, mwishoni mwa karne ya 18, kijana aliyeitwa Xavier Bichat alikuwa akilala pamoja na maiti, karibu kwa maana halisi ya neno. Inasemwa kwamba katika msimu mmoja wa baridi alipasua zaidi ya miili 600 katika hospitali ya Hôtel-Dieu. Hakuiamini hadubini, kwani hadubini za siku zile zilizungushia kila kitu taji la rangi za upinde wa mvua, na kila aliyechungulia aliona alichotaka. Bichat alitumia jiko na ndoo. Alichemsha viungo, akavikausha, akavilowesha katika asidi, akaviacha vioze, akatazama kipi kinalainika na kipi kinashupaa. Kwa njia hiyo alitambua kwamba moyo, ini na mapafu, pamoja na kutofautiana kwake, vimeshonwa kwa vitambaa vichache vinavyorudiwarudiwa. Mwaka 1801 alivihesabu vitambaa hivyo kuwa 21. Akaviita tishu, neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kilichofumwa, na sisi tumelichukua kupitia Kiingereza. Epidermis ilikuwa na nafasi yake katika orodha, lakini kwa Bichat ilikuwa kitu kilichokaribia kukosa uhai, ganda la kulinda walio hai. Julai 1802 alianguka kwenye ngazi za hospitali, homa ikampata, na tarehe 22 mwezi huo akafariki. Hakuwa ametimiza miaka 31.

Ganda hilo lilifufuka kwa sungura.

Lenzi zisizo na taji la rangi zilianza kupatikana katika miaka ya 1820 na 1830. Huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław wa Poland, profesa Jan Purkyně alipata hadubini mpya na kufanya kazi nyumbani kwake, maana chuo kilikuwa bado hakijampa maabara. Mwaka 1834 mwanafunzi wake Gabriel Valentin alikuwa akitafuta yai la sungura ndani ya mrija wa uzazi. Alichokuta hakikuwa yai. Vipande vya utando aliouweka chini ya lenzi vilikuwa vikitembea. Kandokando ya kila kipande palikuwa na msitu wa vinyweleo vilivyoinama na kuinuka kwa pamoja, kama shamba la mpunga linapopitiwa na upepo, na chembe zilizoelea karibu zilisukumwa upande mmoja daima. Mnyama amekufa, utando ungali unapiga kasia. Wawili hao wakatazama koo, wakatazama pua, na mle mle wakakuta makasia. Mwendo huo ulikwisha kujulikana kwa chaza na vyura. Hakuna aliyeutarajia kwa mamalia. Leo tunaviita silia. Ndivyo vinavyopandisha makohozi yako kutoka mapafuni usiku kucha bila kukuamsha, na mvutaji sigara hukohoa asubuhi kwa sababu vyake vimelemazwa na moshi, kazi yote ikaachiwa kifua.

Mwaka mmoja baadaye, Berlin, polisi walimkamata daktari mwenye umri wa miaka kama 26. Aliitwa Jakob Henle, mtoto wa mfanyabiashara wa Kiyahudi kutoka Fürth ambaye familia yake ilikuwa imeingia Ukristo. Kosa lake lilikuwa la ujana: alipokuwa mwanafunzi alijiunga na chama cha wanafunzi waliotaka Ujerumani iliyoungana na yenye katiba, na serikali ya Prussia ilikuwa imevipiga marufuku vyama hivyo. Akawekwa korokoroni. Mwanasayansi mkubwa Alexander von Humboldt alimwombea, akatoka, lakini kesi haikufutika. Baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka sita, kisha akasamehewa. Namtazama kijana huyu na kujiuliza wangapi kati yetu, hukumu ikiwa inaning'inia juu ya kichwa, wangekaa kukwangua utando wa matumbo na kuuchora. Yeye alikaa. Mwaka 1837 alitoa kazi yake, kwa Kilatini, kuhusu vidole vidogo vya utumbo na epithelia inayovifunika. Mwaka 1838 ukafuata waraka wenye jina lisilovutia kitu, kuhusu kuenea kwa epithelia katika mwili wa binadamu.

Alichokifanya Henle kinaweza kuelezwa kwa sentensi moja, na nadhani ndiyo sababu hasifiwi inavyostahili. Alipita mwili mzima, uwazi kwa uwazi, mrija kwa mrija, akiuliza: hapa juu kabisa kuna nini? Kila mahali akajibiwa kitu kile kile. Kuna seli. Ute wa puani, uliodhaniwa kuwa maji mazito tu, ulijaa seli zilizobanduka. Ndani ya mshipa wa damu, seli. Ndani ya kifuko kinachozunguka moyo, seli. Na kwenye ngozi aliona jambo ambalo Leeuwenhoek hakuweza kuliona: seli za chini kabisa ni nene na laini, za katikati zimeanza kubonyea, za juu zimekuwa magamba makavu. Ganda la Bichat halikuwa ganda. Lilikuwa msafara. Seli huzaliwa chini, husukumwa juu na wadogo zake, huzeeka njiani, hufika kileleni zimekufa, huanguka. Kwenye ngozi safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja. Kwenye utumbo mwembamba, ambako hakuna matabaka, siku tatu hadi tano. Kumbuka kwamba Theodor Schwann, aliyefanya kazi pamoja na Henle katika maabara ya profesa Johannes Müller, alikuwa bado hajatoa kitabu chake cha 1839 kinachosema wanyama wote wameumbwa kwa seli. Epithelia ilimtangulia.

Ilibidi kuzigawa. Henle aliziangalia seli kwa umbo, kama fundi anayechambua mawe, na majina yake bado yanafundishwa madarasani. Zilizo bapa aliziita za sakafu, kama mawe ya kutandikia barabara. Nyembamba na ndefu, zilizosimama wima katika utumbo, akaziita za mcheduara. Vitabu vyetu huziita za nguzo. Zenye makasia ya Purkyně akazipa kundi lao. Na kulikuwa na zile ambazo si sakafu si nguzo, akaziita za mpito.

Hilo la sakafu nililithibitisha mwenyewe nikiwa kidato cha tatu. Shule ilikuwa na hadubini moja, kioo chake cha kuakisi mwanga kimevunjika kona. Mwalimu alitupa njiti za kiberiti zisizo na kichwa, tukajikwangua ndani ya shavu, tukapaka uteute ule kwenye kigae cha kioo na kudondoshea tone la wino wa bluu wa kalamu. Tulikuwa arobaini na kitu kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika, kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Kisha mwalimu akazungusha kirungu akasema, "Tulia mwanangu, usiiguse meza." Pakatokea mawe ya bluu yenye pembe zisizo sawa, kila moja na doa jeusi katikati, mengine yamekunjwa ukingo kama chapati. Yalikuwa yangu, na dakika tano zilizopita yalikuwa mdomoni. Nikarudi mwisho wa foleni ili niyaone tena.

Katika shavu sakafu hiyo ina matabaka mengi, kwa sababu hapo ni mahali pa msuguano: mifupa ya samaki, mihogo ya kuchoma, chai inayotoka jikoni. Ndani ya vifuko vya mapafu sakafu ni ya tabaka moja tu, jembamba mno, kwa sababu hapo hakuna msuguano na hewa lazima ipite kwa wepesi. Mirija ya figo na tezi zina seli za mchemraba, zenye nafasi ya kutosha ndani kwa ajili ya mitambo ya kufyonza na kutengeneza. Wanafunzi hukariri hizi kama sala na kuzisahau baada ya mtihani. Lakini ukijua kazi ya mahali, unaweza kukisia umbo la seli kabla ya kuliona. Za mpito ni mfano mzuri kuliko zote. Zimo kwenye kibofu, na umbo lao hubadilika: kibofu kikiwa kitupu ni nene na za mviringo, kikijaa zinatandazika.

Mwaka 1865, mjini Basel, Wilhelm His aliona kwamba seli zinazotandika ndani ya mishipa ya damu na vifuko vilivyofungwa mwilini hazina asili moja na zile za ngozi na utumbo. Akazipa jina jipya: endothelia. Ukilitafsiri neno kwa neno utapata "ndani ya chuchu". Mzaha wa Ruysch ulikuwa umefika kilele chake, na hakuna aliyecheka.

Mwaka ule ule wa 1865 ulikuwa wa ugomvi mkubwa zaidi. London, tangu 1775, ilikuwa na kitabu cha Percivall Pott kilichoeleza kidonda cha wanaume waliokuwa wakisafisha dohani tangu utotoni, wakipanda ndani yake karibu uchi. Masizi yalijikusanya kwenye mikunjo ya ngozi ya korodani, na baada ya miaka ikawa saratani. Saratani ilianzia kwenye ngozi. Hilo kila mtu aliliona. Ila katika karne ya 19 mkubwa wa fani, Rudolf Virchow wa Berlin, alifundisha kwamba uvimbe huo huzaliwa na tishu unganishi zilizo chini, zikageuka. Kupingana na Virchow kulikuwa kama kupingana na mvua. Karl Thiersch, daktari wa upasuaji wa Erlangen, alikata saratani za ngozi vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, akaifuata mizizi ya uvimbe kama mtu anayefuata mzizi wa muhogo ardhini, na kila mzizi ukampandisha hadi kwenye epithelia. Miaka miwili baadaye Wilhelm Waldeyer alionyesha hali hiyo hiyo katika viungo vya ndani. Sehemu kubwa ya saratani za watu wazima, iwe ya titi, ya pafu, ya utumbo au ya tezi dume, inatoka kwenye utando huu. Ndio ulio mstari wa mbele, unaochubuliwa, unaounguzwa, unaozaa seli mpya kila siku. Na penye kuzaliana kwingi ndipo makosa ya kunakili hujilimbikiza.

Kwetu kuna ushahidi wa karibu. Mwaka 1851, katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo, kijana wa Kijerumani Theodor Bilharz alikuta minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti ya Mmisri. Ndiyo ya kichocho. Mwaka 1911, katika mji huo huo, A. R. Ferguson alieleza wagonjwa 40 wenye saratani ya kibofu na kuihusisha na kichocho. Mnyoo wa kichocho cha mkojo hutaga mayai yenye mwiba, mayai hukwama katika ukuta wa kibofu, kibofu huvimba na kutoa damu mwaka baada ya mwaka. Epithelia ya mpito, ile yenye kutandazika, huchoka. Taratibu inaacha umbo lake na kuvaa umbo la seli bapa za matabaka, kama ngozi, kana kwamba kibofu kimeamua kujitengenezea gamba. Saratani inayotokea baadaye ni ya seli bapa, aina ambayo ni nadra kibofuni kwa watu wasiojua kichocho. Unguja, Pemba na pwani, watoto bado wanaoga kwenye vijito na mabwawa yenye konokono wa ugonjwa huu. Na kuna vijiji ambako mvulana akikojoa damu, wenzake humpigia makofi kwamba amekuwa mwanamume.

Henle naye ana uzi wake hadi kwetu, ingawa hakuwahi kutia mguu Afrika. Alizeekea Göttingen akifundisha anatomia, na kati ya wanafunzi wake alikuwa kijana mkimya aliyeitwa Robert Koch. Koch ndiye aliyegundua mdudu wa kifua kikuu, na mwaka 1897 alishuka Dar es Salaam kuchunguza malaria. Ufukweni, Wajerumani walikuwa wamejenga hospitali yenye minara na varanda za kupokea upepo wa bahari, kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mwafrika na Mhindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Jengo la ufukweni bado limesimama, na tutalirudia.

Mwaka 1913 Mgiriki mmoja na mkewe walishuka New York bila kujua Kiingereza cha kutosha kununulia mkate. Georgios Papanikolaou alikuwa daktari mwenye shahada ya Ujerumani. Kazi ya kwanza aliyoipata ni kuuza mazulia katika duka la Gimbels, na mkewe Mary alishona vifungo. Baadaye akapata nafasi katika chuo cha Cornell, kwenye chumba cha simbilisi. Alihitaji kujua siku ambayo simbilisi jike anatoa yai bila kumchinja. Akanunua kifaa kidogo cha kufungulia pua, akakitumia kuchukua ute ukeni mwa mnyama, akautazama: seli zilibadilika umbo siku hadi siku kama mwezi mwandamo. Mwaka 1917 alichapisha hayo. Kisha akahamia kwa binadamu, na binadamu wa kwanza alikuwa Mary. Kwa miaka zaidi ya ishirini, siku kwa siku, mama huyu alipanda kitandani mwa uchunguzi ili mumewe apate kigae cha kioo. Kila mwanamke aliyewahi kupimwa kwa njia hiyo ana deni kwake, na jina lake huwezi kulikuta kwenye kipimo.

Kwenye vigae vya wanawake wengine Papanikolaou aliona seli bapa zenye viini vikubwa, vyeusi, vilivyopotoka. Walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alipolieleza jambo hilo mwaka 1928 walimpuuza: kuna haja gani ya kukusanya pumba wakati daktari anaweza kukata nyama yenyewe? Ilimbidi asubiri hadi 1941, alipoandika tena pamoja na Herbert Traut, ndipo wakasikia. Kipimo chake kilipoenea, vifo vya saratani hiyo Marekani vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Mahali penyewe panastahili kuangaliwa. Mlango wa kizazi ndipo epithelia mbili zinapokutana: ile bapa ya matabaka itokayo nje na ile ya nguzo itokayo ndani. Mpaka wao hautulii. Msichana anapovunja ungo na mama anapozaa, mpaka husogea, na seli za nguzo zilizotokeza nje hugeuka taratibu kuwa bapa. Katika ukanda huo wa mageuzi kirusi cha HPV hupata mlango. Harald zur Hausen alikitambua ndani ya uvimbe mwaka 1983 na akapewa Nobel mwaka 2008. Rwanda ilikuwa ya kwanza Afrika kuwachanja wasichana nchi nzima, mwaka 2011. Tanzania ilifuata 2018, Kenya 2019. Mama zao, wasiochanjwa, wanabaki na uchunguzi.

Kipimo cha Papanikolaou kinahitaji maabara, rangi, na mtu aliyefunzwa miaka kusoma kigae, na jibu hurudi baada ya wiki, mama akiwa amekwisha rejea kijijini. Ndiyo maana zahanati zetu hutumia siki. Anayehusishwa na siki hiyo ni Hans Hinselmann wa Hamburg, aliyebuni katika miaka ya 1920 darubini ya kutazamia mlango wa kizazi, na mwaka 1938 akaeleza kwamba asidi ya siki huzifanya seli mbovu zing'ae nyeupe. Mtu huyo huyo, wakati wa vita, alipokea Hamburg vipande vya milango ya vizazi vilivyokatwa kwa wanawake wafungwa wa Auschwitz ambao hakuna aliyewaomba ruhusa, na baada ya vita alifungwa kwa kushiriki kuwafunga uzazi kwa nguvu wanawake wa Kirom. Sijui namna ya kuyapatanisha, wala sioni kwa nini yapatanishwe. Siki inafanya kazi. Majaribio makubwa ya Mumbai, yaliyohusisha wanawake wapatao 150,000 na kuchapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 31 pale wahudumu wa kawaida walipopewa siki na mafunzo.

Jengo lile la ufukweni leo ni sehemu ya Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wanawake huketi kwenye mabenchi na kadi zao mkononi, kanga zimefungwa mara mbili, upepo wa bahari ukiingia. Ndani, muuguzi huchovya pamba katika siki iliyopunguzwa kwa maji, harufu ikafanana na ya kachumbari, akaigusisha pale mpaka wa seli ulipo, akaishikilia. "Tulia mama, itauma kidogo tu kama limau kwenye mchubuko." Anahesabu dakika moja kwa saa ya ukutani. Kisha anainama na tochi na kutafuta doa jeupe. Halipo, utando una rangi ya waridi kote, unang'aa kwa unyevu.

"Vaa mama. Uje tena baada ya miaka mitatu."